Shuka Lililochuja

Watu wa Lumemo walimtambua Balbina kwa mikono yake. Ilikuwa na rangi hadi viwikoni, wiki hii bluu, wiki ijayo kijani, na kucha zake zilishasahau weupe. Kanisani, wenzake walipokuwa wakikinga viganja kupokea ekaristi, yeye alitoa ulimi, maana aliona haya kumnyooshea padri mkono wa namna ile.

Kazi yake ilikuwa kutia rangi nyuzi za pamba. Akina mama wenzake walikaa bandani kwenye vitanda vya kufumia, wakifuma mashuka, mapazia na vitambaa vya meza, wakipiga soga mchana kutwa. Balbina alikuwa nje peke yake, kwenye mafiga, kichwa ndani ya mvuke, akigeuza nyuzi kwa mti kwenye sufuria kubwa kama mtu anayesonga ugali wa msiba. Kazi hiyo aliishika baada ya mumewe, Vitus, kufariki na kumwachia mtoto mmoja wa kike, Careen, aliyekuwa bado mchanga. Kelestini, mdogo wake Balbina, alihama kwao akaja kujenga jirani na dada yake. Ndiye aliyemlimia shamba, ndiye aliyeezeka nyumba upya, na ndiye aliyembeba Careen mabegani kwenda kliniki. Mtoto alipoanza kusema, neno "baba" alimwita mjomba wake, na hakuna aliyemsahihisha.

Adui wa Balbina alikuwa rangi inayochuja. Hakuna kilichomkera kama hicho. Mteja ananunua pazia zuri, analifua mara moja, maji yanakuwa kama juisi, na nguo zote zilizokuwa kwenye beseni moja zinatoka na madoa. Siku moja mama mmoja alitoka Kiberege na basi la asubuhi, mkononi ana pazia la maua na gauni la ubatizo lililokuwa jeupe. Hakugombana. Alilikunjua lile gauni mbele ya Balbina, akalitandika taratibu. Balbina aliona bora angetukanwa. Tangu siku hiyo aliongeza chumvi katika maji ya kuchemshia, akaacha nyuzi zipoe humohumo sufuriani bila haraka, akazisuuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Kisha alichukua kitambaa cheupe kilicholowana akasugua nyuzi kwa nguvu. Kitambaa kikibaki cheupe, nyuzi zilikwenda bandani. Kikishika rangi, zilirudi kwenye maji ya chumvi.

Bluu ilikuwa na adabu, kijani kilibembelezeka, lakini nyekundu ilimtesa miaka yote.

Na Careen, alipotaka kuolewa, alitaka shuka jekundu.

Mwanamume aliyemtaka alikuwa Yoramu, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao wakati yeye akiwa bado ananyonya. Yoramu alizaliwa huko kanda ya ziwa lakini hakukumbuka chochote cha huko. Alilima mpunga kama watu wa hapa, alisali hapahapa, na Kindamba, lugha ya wenyeji, alikielewa hata kama kukitamka kulimshinda. Hayo yote kwa Kelestini hayakuwa kitu. Mwaka uliotangulia, ng'ombe waliingia shambani kwake mpunga ukiwa umechanua, wakala, wakakanyaga, wakalala humo. Ng'ombe hao hawakuwa wa kina Yoramu, na Kelestini alilijua hilo vizuri. Lakini hasira inapokosa wa kumpata humshika aliye karibu.

"Nimelea mtoto ili nimpeleke zizini?" alimwuliza dada yake.

"Amempenda," Balbina alijibu.

"Na wewe?"

"Mimi nimemwona anavyomtazama. Basi."

Kelestini alikubali kwa shingo upande. Siku ya mahari alipokea, akakaa, akala, lakini Yoramu alipomwamkia "Shikamoo mjomba," aliitikia marahaba huku anatazama pembeni.

Rangi nyekundu iliyopatikana mjini msimu ule haikuwa ile aliyoizoea. Mfuko ulikuwa mwingine na unga wake ulikuwa laini zaidi, mwepesi kama poda. Balbina aliuchemsha. Alitia chumvi, akaongeza chumvi, akajaribu siki, akasuuza mtoni na kisimani. Kila aliposugua kwa kitambaa cheupe, kitambaa kilitoka na wekundu mwembamba kama ulimi wa mtoto mchanga. Oliva, rafiki yake, ndiye aliyepewa kulifuma shuka, na alikuwa akizingoja nyuzi huku siku ya harusi ikija. Mwishowe alizichukua akasema, "Mama Careen, zimetosha. Litachuja, likichoka litaacha."

Kwa hiyo shuka lilifumwa, likawa zuri kupita yote yaliyowahi kutoka katika lile banda. Balbina alimkabidhi bintiye pamoja na maelekezo: lifuliwe peke yake, kwa maji baridi yenye chumvi, lianikwe kivulini, na kamwe wasijifunike likiwa bichi.

Careen alicheka. Baada ya wiki chache alirudi kusalimia, akamwonyesha mama yake shavu. Lilikuwa la waridi. "Joto la kule bondeni," alisema. "Tukitoka jasho tu, tunaamka tumepakwa. Yoramu fulana zake zote zimekuwa za kike. Juzi kaenda kwa baba yake kunywesha ng'ombe, wenzake wakamwuliza kama siku hizi anavaa za mkewe." Alicheka mpaka akashika mbavu. Yoramu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, alivuta kola ya shati kuficha fulana, naye akacheka kwa haya. Balbina alicheka pia, ingawa moyoni alijiambia atalidai lile shuka alichemshe upya. Hakulidai. Msimu ulianza, na watu wakahamia mashambani.

Kwa wakulima wa bonde hili, mpunga unapoota nyumba za mjini hubaki na wazee na wanafunzi. Wengine wote wako mashambani, wanalala kwenye madungu yaliyoinuliwa kwa miti, wanafukuza ndege na nguruwe na kupalilia. Careen na Yoramu walikuwa na dungu lao mbali, ng'ambo ya vijito ambavyo wakati wa masika huungana vikawa maji mamoja. Mvua za mwaka ule zilikuja kwa fujo. Mto Lumemo wenyewe ulipanda ukaingia kwenye nyua za watu.

Careen alipiga simu akasema kichwa kinamwuma na mwili unatetemeka.

"Njoo mjini upime," mama yake alisema.

"Tukimaliza palizi, mama. Nimekunywa panadol."

"Palizi itamalizwa na Yoramu. Njoo."

"Nitakuja, mama. Nitakuja." Simu ikakatika. Alipojaribu tena, haikupatikana.

Walikuja wakati wa adhuhuri, mvua ikinyesha, kwenye toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Balbina alikuwa kibarazani akitenga mafungu ya nyuzi. Aliona kwanza shuka, jekundu, limeloa chapachapa, limefungwa kwa kamba za katani. Halafu akamwona Yoramu, tope hadi kifuani, amelikumbatia. Alifikiri wamemletea mgonjwa. Alikimbia akatoa godoro.

"Mama," Yoramu alisema, akatikisa kichwa.

Dereva, kijana aitwaye Lukelo, alisaidia kumshusha. Alitazama nyuso za watu waliokuwa wakikusanyika, akageuza toyo lake akaondoka bila kuaga.

Yoramu alieleza baadaye, polisi na mahakamani, na maneno yake hayakubadilika. Asubuhi Careen alianza kuweweseka, hakumtambua. Akamwingiza kwenye mtumbwi, akapiga kasia mpaka barabarani. Mkewe alikuwa akitetemeka kwa baridi, kwa hiyo akamviringishia shuka, akalikaza shingoni ili mvua isimwingie, akamfunga kamba kifuani na mikononi asije akarushwa na mashimo ya barabara. Njia nzima alimsemesha. Walipokaribia mji aliacha kutetemeka, na Yoramu akashukuru Mungu akidhani homa inashuka.

Yote hayo siku ile hakuna aliyeyauliza. Akina mama wa jumuiya waliingiza maiti chumbani, wakafungua kamba, wakakunjua shuka. Oliva alikuwa wa kwanza kuona. Alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga moto.

Shingo ya Careen ilikuwa na mstari mwekundu, mpana, uliozunguka hadi kisogoni. Vifundo vya mikono vilikuwa na mistari kama hiyo, na kifuani kulikuwa na madoa mekundu yaliyokolea pale mafundo ya kamba yalipokandamiza. Chumba kilikuwa na giza la mvua, dirisha dogo, na wote walikuwa wanalia. Waliona alichoona mtu yeyote ambaye angeingia wakati ule.

"Kanyongwa," mmoja alisema.

Neno hilo lilitoka nje kabla ya aliyelisema. Kelestini alikuwa amefika punde tu kutoka kwenye shamba lake, miguu mitupu, jembe begani. Alilisikia akiwa mlangoni. Aliingia, akaangalia shingo ya mtoto aliyembeba mabegani, akatoka tena. Hakupiga kelele. Balbina alisikia tu kishindo cha kwanza, kisha vingi, kisha sauti za vijana wa mtaani walioacha kila kitu wakaja.

Balbina alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alinyoosha kidole gumba, akapitisha kwenye shingo ya binti yake, kama anayemfuta jasho. Kidole kikatoka chekundu. Na pale kilipopita, ngozi ilikuwa safi.

Akajua. Akajua kama anavyojua jina lake.

Huko nje Yoramu alikuwa anapaza sauti. "Ni shuka! Ni rangi ya shuka! Linachuja, jamani, linachuja!" Kuna mtu alicheka kwa hasira. Mwingine alisema, "Eti rangi." Halafu sauti ikamwita yeye: "Mama! Waambie mama! Mama, waambie ni shuka!"

Balbina aliangalia kidole chake. Hakuinuka.

Mtu anaweza kusema alikuwa amepigwa bumbuazi, na kwa kweli akina mama waliokuwamo chumbani walisema hivyo siku zote. Lakini yeye aliyajua yaliyokuwa ndani yake. Aliyaona wazi, kama mtu anavyoona kokoto kwenye maji yaliyotulia. Homa haina uso. Huwezi kuishika kola ukaiuliza kwa nini. Mvua haina mlango wa kuupiga teke. Na shuka lilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Lakini pale nje palikuwa na mtu mwenye jina, aliyemchukua mtoto wake akampeleka mbali, akamrudisha hivi. Kila kishindo kilichotua kule nje kilimpunguzia kitu hapa kifuani. Alikaa akisikiliza. Ni muda gani, hata yeye hawezi kusema. Ni muda wa kutosha.

Kilichomwinua ni kwamba Yoramu aliacha kuita.

Alichukua kitambaa cheupe walichokuwa wamekiandaa kwa kumwoshea maiti, akakilowesha, akafuta shingo ya Careen kwa nguvu zaidi ya inavyomstahili marehemu, akatoka nacho. Lilikuwa kosa. Watu walipomwona mama wa marehemu amesimama mlangoni na kitambaa chekundu mkononi, waliona damu. Uwanja mzima ulinguruma. Mtu aliyekuwa ameshika mpini akauinua upya.

"Si damu!" Balbina alipiga kelele. "Si damu, ni rangi! Kelestini!"

Hakuna aliyesikia, au waliosikia hawakutaka. Alirudi ndani mbio, akalivuta lile shuka kutoka chini ya mguu wa kitanda, akatoka nalo likiburuta. Palikuwa na ndoo iliyokinga maji ya paa. Akalitumbukiza shuka humo. Maji yakageuka palepale, yakamwagika juu ya miguu yake. Alilitoa likiwa linatiririka, akajiviringishia shingoni mwake, akavuta ncha mbili kwa mikono yote, akavuta mpaka macho yakamtoka na akakohoa. Halafu akalifungua akalitupa chini.

"Nitazameni!" alisema. "Nitazameni shingo! Nani amenikaba mimi?"

Mstari ulikuwa pale, mwekundu, mpana, unaozunguka hadi kisogoni, na rangi ilishuka kwenye gauni lake kama mtu aliyechinjwa. Waliokuwa mbele walimtazama. Mpini ukashuka. Mmoja mmoja, vijana walianza kurudi nyuma, kisha wakatawanyika haraka, kila mmoja akitazama njia yake. Nickolaus, mwenyekiti wa mtaa, ndiyo kwanza alikuwa anafika, akihema, simu sikioni, anaita polisi.

Kelestini peke yake hakuondoka. Alibaki amesimama juu ya Yoramu, mikono inamning'inia. "Dada," alisema, "kwa nini hukusema?"

Balbina alichuchumaa kwenye tope lile, akakiweka kichwa cha mkwewe mapajani. Jicho la kushoto halikuwa jicho tena.

Careen alizikwa siku iliyofuata, baada ya daktari kumpima na kuandika kwamba alikufa kwa malaria iliyopanda kichwani, na kwamba mwilini hakukuwa na jeraha. Madoa yalitoka yote kwa sabuni. Alizikwa kwa shuka jeupe. Mume wake hakuwepo kaburini. Mjomba wake naye hakuwepo, alikuwa mahabusu.

Balbina alikwenda hospitalini kila asubuhi na uji wa mchele. Yoramu alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso, mkono mmoja kwenye plasta. Siku za mwanzo hakuweza kusema. Alipoweza, alisubiri mgonjwa wa kitanda cha pili atoke nje, kisha akaugeuza uso wake mzima upande wa Balbina ili amwone kwa jicho lililobaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wamenisimulia ulivyofanya. Ulivyojifunga lile shuka." Alitafuta pumzi. "Nilikuita sana. Vilio vilikuwa vingi, najua hukunisikia. Uliponisikia, ukaja. Mama yangu alinizaa mara moja, na wewe umenizaa mara ya pili."

Balbina alikuwa ameshika kijiko, kimejaa. Uji ulidondoka kwenye shuka la hospitali. Aliufuta kwa ncha ya khanga yake. Maneno yalikuwa yamepanga mstari kooni, yanasubiri mlango. Alimtazama yule kijana, uso uliovimba, ule uaminifu wote kwenye jicho moja, na akaona kwamba akiyatoa atakuwa anatua mzigo wake na kumtwika mgonjwa.

"Kunywa uji," alisema. "Unapoa."

Kesi ilikwenda. Balbina aliitwa kutoa ushahidi. Alieleza habari ya rangi, chumvi, kitambaa cheupe, na jinsi wekundu ulivyokataa kushika. Shuka lilikuwa mezani ndani ya mfuko wa nailoni, ushahidi. Lukelo yule dereva alitafutwa akapatikana, akaeleza kwamba mwanamke alikuwa hai alipopakiwa na mume alikuwa anamwimbia. Hakimu alimwuliza Balbina ni nani aliyempiga kwanza mkwewe. Kelestini alikuwa kizimbani, amekonda, shati limempwaya, anamtazama.

"Mdogo wangu," Balbina alisema.

Kelestini alifungwa. Vijana wengine walikimbia, wengine hawakutajwa. Tangu siku hiyo ukoo ulimhesabu Balbina kama mtu aliyehama. Shangazi yao mmoja, aliyempenda sana Careen, alikuja mpaka uani akasimama nje ya kivuli cha nyumba. "Umemtoa ndugu yako uliyenyonya naye ziwa moja," alisema, "kwa ajili ya mchunga ng'ombe. Sijui amekupa nini." Hakungoja jibu. Wateja nao walipungua. Bandani Oliva alijitahidi kuongea naye kama zamani, lakini mazungumzo yalikatika Balbina alipoingia kuchukua nyuzi, na kuna waliosema mashuka yake yana nuksi. Rangi nyekundu hakuna aliyeiagiza tena, na yeye hakuinunua. Aliendelea na bluu na kijani. Siku zote maji yalitoka safi.

Yoramu, alipopona, alihamia upande wa Malinyi kwa baba zake wadogo. Hakuweza tena kulima bonde lile. Alisema kila akiona dungu anamwona Careen amekaa juu yake, miguu inaning'inia. Balbina aliamini kwamba sasa, taratibu, atasahauliwa.

Mwaka ulipozunguka, alisikia kengele ya ng'ombe nje. Yoramu alikuwa amesimama uani na baba yake, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, na kati yao mtamba mweupe mwenye mabaka ya kahawia, amefungwa kamba. Mzee alisalimia kwa heshima zote, akakaa alipokaribishwa, akanywa maji, ndipo akasema.

"Mama, sisi kwetu mtu akirudishiwa mtoto wake, hasemi asante kwa mdomo tu. Huyu ana mimba. Utapata maziwa, na ndama atakuwa wako, na uzao wake wako. Ni mdogo kuliko ulichotufanyia."

"Baba, siwezi kumpokea."

"Kwa nini?"

Jirani zake walikuwa wameanza kusimama kwenye uzio. Yoramu alikuwa anatabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki kama zamani. Balbina alitafuta sababu, yoyote, na zote alizozipata zilianzia kwenye ile sakafu kando ya kitanda. Alipokea kamba.

Kwa hiyo mwanamke aliyekaa Lumemo, katikati ya watu ambao mpunga wao uliwahi kuliwa, akawa na ng'ombe. Waliokuwa wakiuliza amepewa nini sasa walikuwa wanakiona, kimefungwa chini ya mwembe wake, kinatafuna. Mtamba akazaa. Kila asubuhi Balbina aliamka akamkamua kwa mikono yake ya bluu, na maziwa mengine yalimshinda, akawa anayapeleka kwa Oliva, ambaye aliyapokea bila kumtazama usoni.

Kelestini alitoka gerezani wakati wa mavuno. Balbina alipata habari kwamba ameonekana stendi, na kwamba ameshuka kwenye basi amebeba mfuko mmoja. Alifagia uwanja. Alichemsha maji. Jua lilikuwa limeshapinda alipomwona kwenye uzio, amesimama, ana mvi ambazo hakuondoka nazo. Hakuwa anamtazama dada yake. Alikuwa anamtazama ng'ombe.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye."

"Walinisimulia kulekule."

"Ingia, mdogo wangu. Kaa."

Aliingia. Alikaa kwenye kigoda, magoti pamoja, kama mgeni. Ndama alikuja akamnusa mkono, naye akauondoa, lakini taratibu. Balbina alimimina chai kwenye kikombe, akainua jagi la maziwa.

"Usitie," Kelestini alisema. "Nipe ya rangi."

Akampa ya rangi. Alikunywa hadi chini, akaweka kikombe kwenye sinia, na kwa muda ilionekana kama anataka kuongea. Balbina alisubiri lile swali, lilelile alilomwuliza uwanjani siku ile. Safari hii angelijibu. Alikuwa amejiandaa kwa ajili yake tu, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine duniani mwenye haki ya kulisikia.

"Mpunga wako umevunwa?" Kelestini aliuliza.

"Bado. Nimekosa watu."

"Nitakuja Jumatatu."

Akainuka, akachukua mfuko wake, akaenda kwenye nyumba yake iliyokuwa imeota majani mlangoni. Balbina alisikia anang'oa majani. Baadaye akasikia mlango unasukumwa. Alibaki pale mpaka ng'ombe alipoanza kulia kwa njaa, ndipo akachukua mundu akaenda kukata majani kando ya mto.